Soli za Arnaluk

Kwa miaka arobaini mama mmoja, Arnaluk, alitafuna ngozi za sili ili zilainike na kushonwa buti, na katika makazi yote ya mashariki mwa Grinilandi hakukuwa na buti zilizosifiwa kama zake. Wawindaji walizitaka, mchungaji wa kanisa alizitaka, na hata wageni waliokuja kupanda vilele vya ndani ya kisiwa, nyuma ya mito ya barafu, waliagiza buti kwake kabla hawajaulizia mbwa wa kuwavuta thelujini. Soli ikitafunwa vizuri pale inapokunjwa kwenye vidole, haipitishi maji wala haipasuki. Kazi hiyo ilimla meno. Alipofika miaka sitini yalibaki mawili, na hayakukutana.

Hili alilificha. Nyama yake alitafuniwa na mke wa mwanawe, Bibiane, wakiwa wawili tu ndani; mbele za watu Arnaluk alisema ameshiba.

Theluji ilipoanza kulainika, wageni wapima ardhi wakamwajiri mwanawe, Tobiase, awapeleke kwenye kilele ambacho hakuna aliyewahi kukikanyaga. Alihitaji buti mpya. Bibiane aliziona soli zikiwa bado ngumu, akaomba azitafune yeye. Akaomba tena kesho yake. Mara ya tatu Arnaluk alimjibu mbele ya majirani.

"Meno yako ni ya kuwachekea wanaume, mkwe. Mwanangu niachie nimvishe mwenyewe."

Majirani wakacheka. Arnaluk akazilowanisha zile soli, akazipondaponda kwa jiwe, akazikunja kwa nguvu na kuzishona kwa uzi wa kano. Kwa macho zilipendeza. Mtu aliyeombwa mara tatu hawezi baadaye kusema hakujua.

Siku ya tisa sleji ya mbwa ilirudi, Tobiase amelazwa juu ya mizigo. Wageni walieleza kwamba chini ya kilele theluji ilikuwa majimaji, na huko juu alisimama kwa muda wa saa tano ameshika mti wa kupimia huku wao wakiandika. Soli ya kulia ilipasuka kwenye mkunjo. Walisema pia kwamba kilele kimepimwa vizuri, wakashukuru, wakaenda kula.

Vidole vyote vitano vya mguu huo vilikuwa vyeusi, vimekufa kwa baridi. Bibiane alivikata kwa kisu cha kuchunia, na Arnaluk ndiye aliyeushika mguu. Tobiase hakumtazama mama yake.

"Mbwa wanataka mtu wa kukimbia nao," alimwambia mkewe. "Wagawe."

Chakula kilipokuwa tayari, majirani walewale walikuwa wamejaa chumbani. Bibiane alimlisha mumewe kwanza. Kisha akaichukua ile buti iliyopasuka, akaiweka mapajani mwa mama mkwe wake.

"Tafuna, mama. Bado pagumu hapo kwenye mkunjo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Arnaluk aliitia soli mdomoni, akaing'ang'ania kwa ufizi, na udenda ukamtiririka hadi kidevuni. Wote wakaona.

Tangu siku hiyo nyama yake iliwekwa mbele yake kama ya watu wengine, kavu na nzima.