Salamu kwa Abrahamu

Juzi, kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya mtaa wa Umbilo, nilimwona mzee mwenye ndevu hadi kifuani, nikacheka peke yangu. Siku hizi hata Queensburgh, mtaa wa karibu tu, naiona mbali, lakini utotoni nilipanda basi la kanisa hadi monasteri ya Waorthodoksi mlimani, nikiimba njia nzima katikati ya harufu ya maandazi.

Mtawa aliyetupokea alinukia ubani, na ndevu zake zilikuwa nyeupe pepe. Nilimtambua papo hapo: Abrahamu, anayekaa na marehemu wote.

"Baba Abrahamu, mwambie koko nimeanza shule." Koko alikuwa marehemu bibi yangu, mama yake mama.

"We mutoto, utatuaibisha," mama alininong'oneza huku akinifinya.

Mtawa hakujua Kiswahili. Alitabasamu tu, akanipa kipande cha mkate.

"Koko amejibu," nikasema.

Mama aliacha kunifinya. "Nikatie kidogo."