Picha ya Mkahawani

Juzi nilipeleka vitumbua mkahawani, pale wapagazi wanapokunywa kahawa kabla ya safari ya bara. Mzungu mpiga picha alikuwa ameleta picha aliyowapiga humo mwaka jana. Mama mmoja, ambaye mwanawe alifia safarini, alikuja kumtazama mwanawe humo pichani. Birika limetoka vizuri, hata ufa wa kikombe unaonekana. Mahali pa mwanawe pana ukungu usio na uso.

"Tuliambiwa tusitikisike mpaka picha ishike, bibi," akasema mwenye mkahawa. "Yeye akanywa."

"Sasa mlimpa kahawa ya nini?"

Mama akaigeuza picha, akamtafuta upande wa nyuma.

Mwanangu naye ataondoka na msafara ujao. Kumzuia nimeshindwa, nimemwambia tu, akipigwa picha, aache kahawa ipoe.