Zimwi Saa Nne Asubuhi

Enzi zetu hadithi ilikuwa na saa zake. Haikusimuliwa kabla ya sala ya isha, na mtoto aliyethubutu kuisimulia jua likiwaka aliambiwa kwamba atapotea njia: atatumwa dukani, ajikute mlimani. Hivyo ndivyo alivyotufunza Koko, bibi yangu mzaa mama, pale Mutsamudu, mji wetu wa kisiwani. Tulimwamini kabisa, kwa sababu mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyepotea kila alipotumwa sokoni na mkewe, na sisi tulijua kwa yakini kwamba amesimulia hadithi mchana. Nilipokua ndipo nikaambiwa kwamba alikuwa na mke wa pili mtaa wa juu.

Nakumbuka tukitoka chuoni na mbao zetu za Kurani, vichochoro vinanuka karafuu zilizoanikwa juu ya mikeka, na nyumbani kuna shelisheli la kuchoma na samaki. Tulikula mbio mbio ili tukacheze mamluki. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Zilikuwa zama za wale Wazungu wenye sare nyeusi, waliokuja na bunduki zao wakabaki kumlinda rais, na watu wazima wakajifunza kunong'ona ndani ya nyumba zao wenyewe. Sisi tuliona mchezo tu. Ugomvi ulikuwa nani awe Mzungu, maana Mzungu alipakwa unga wa muhogo usoni, akavishwa buibui kuukuu, na wote wakamtii. Utawala wake uliendelea mpaka mama alipokwenda kusonga ugali wa jioni akakuta unga umepungua. Hapo serikali iliangushwa kwa mwiko.

Koko naye hakubaki nyuma ya wakati. Alikuwa na hadithi moja tuliyoipenda kuliko zote, ya zimwi aliyefika kijijini kama mgeni, akapewa kigoda mlangoni kwa mfalme, akaahidi kumlinda. Alilinda vizuri mno mpaka mfalme akawa anamwomba ruhusa ya kwenda uani kwake. Zamani zimwi yule alikuwa na mkia. Walipokuja mamluki mkia ukatoweka, akaota buti. Mwisho watoto wa kijiji walimkalisha chini wakamsimulia hadithi, naye, kwa kuwa hakuwahi kusimuliwa maisha yake yote, alilala fofofo, wakamviringisha ndani ya mkeka wakamsukumia baharini.

Mmoja wetu alipougua homa, akalala mchana akililia hadithi, Koko alikuwa na dawa. Alifunga madirisha yote, akaziba nyufa kwa shiromani yake, lile vazi jekundu wanalojifunika wanawake wa kwetu, kisha akawasha kandili. Usiku ukawa umeingia. Alisema Mungu hadanganyiki, lakini mazimwi si werevu kiasi hicho.

Basi nikakua, nikamaliza skuli, na mwalimu wangu wa Kifaransa akaniambia kwamba ng'ambo kuna vyuo vikuu wanavyosomea fasihi ya watoto na vijana, na kwamba Moroni, mji mkuu, wanatoa nafasi za kwenda. Nilikosa usingizi kwa furaha. Nyumbani walikosa usingizi kwa sababu nyingine. Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, aliweka kikombe chake chini akanitazama kwa huruma.

"Wenzako wanasomea udaktari wa watoto," alisema. "Wewe unasomea hadithi za watoto. Mtoto akiletwa anaharisha, utamsimulia?"

Kesho yake wapagazi wote wa bandarini walikuwa wananiita Daktari wa Mazimwi. Baba hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha. Kwetu binti hujengewa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Nyumba yangu ilikuwa imefika usawa wa madirisha, na karani mmoja wa forodha alikuwa akipita kila Ijumaa kuikagua kana kwamba anapita tu. Baba alisema nikipata nafasi hiyo nitakwenda. Nikiikosa, paa na mume vitakuja pamoja. Karani hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa akicheka kabla ya kusema, na nisingeweza kuzeeka na kicheko kile.

Lakini neno la mwisho lilikuwa la Koko. Aliuliza jambo moja tu: "Huko chuo kikuu wanasoma hadithi saa ngapi?"

Nikamwambia asubuhi.

Akashika kichwa. "Watapotea wote, na maprofesa wao." Kisha akanivua mtandio wangu akanifunika shiromani yake. "Nenda. Lakini niapie hutasimulia jua likiwaka."

Nikaapa. Nikapanda meli, nikatapika toka Mutsamudu mpaka Moroni, na asubuhi ya usaili nikapanda ngazi za ofisi ya serikali, nyumba moja ya zamani mtaa wa Badjanani, karibu na Msikiti wa Ijumaa. Wazee watatu walikuwa wamekaa nyuma ya meza. Mwenyekiti wao aliitwa Fundi na kila mtu, kwa heshima ya elimu yake, na kofia yake ilitariziwa hata nikaona haya kuiangalia.

"Fasihi ya watoto," alisema. "Kazi yake nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema ualimu, ukutubi, uhariri wa vitabu, vipindi vya watoto vya redio.

"Vitabu vipi? Redio ya nani?" Wenzake wakacheka kidogo kisha wakaacha, kwa kuwa redio ilikuwa ya serikali. Fundi akaegemea kiti. "Tusimulie moja, binti, tuone kama ni jambo la kumpelekea mtu ng'ambo."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linamwagika mpaka mezani. Nikawaona wote mbele yangu, Koko na kiapo chake, karani na kicheko chake. Nikasema, "Fundi, naomba tufunge madirisha."

Mngedhani watanifukuza. Hawakunifukuza. Walitazamana, na nikafahamu kwamba kila mmoja wao alikuwa na Koko wake. Mmoja aliinuka akafunga mbao za madirisha. Mwingine akatoa kandili kabatini, maana umeme wa enzi zile ulikuwa kama mgeni wa heshima, haukosi kutuma udhuru. Dirisha moja ubao wake ulikuwa umevunjika, nikatundika shiromani. Tukawa na usiku wetu. Nikaanza, wakaniitikia, na nilipofika pale mfalme anapoomba ruhusa ya kwenda uani, Fundi alikuwa ameshika tama kama mtoto.

Ndipo tukasikia buti kwenye ngazi.

Fikiria aliyekuwa kichochoroni. Ofisi ya serikali, mchana kweupe, madirisha yamefungwa, nguo nyekundu inaning'inia kama ishara. Mlango ukasukumwa akaingia Mzungu mwenye sare nyeusi, na nyuma yake askari wawili wa kwetu.

"Mnafanya nini gizani?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Mtihani," alisema Fundi.

"Wa nini?"

"Wa mazimwi," akajibu mwenzake kabla hajafikiri.

Mzungu akavuta kiti akakaa. Alitaka kuusikia mtihani huo. Akaniashiria niendelee, na Fundi amtafsirie. Niliogopa, lakini hadithi ikishaanzwa haiachwi njiani. Nikaendelea kwa Kinzuani, lugha ya kwetu, zimwi na buti zake, na kando yangu Fundi, jasho likimtiririka chini ya kofia ile, alikuwa akisimulia kwa Kifaransa hadithi nyingine kabisa. Kwake zimwi alikuwa mlinzi mwaminifu. Mfalme hakwenda uani kwa sababu alikuwa na mafua. Watoto walipomviringisha mlinzi mkekani, ilikuwa apumzike kwa uchovu wa kazi, na baharini walimpeleka apate hewa safi. Wale askari wawili, walioelewa hadithi zote mbili, walikuwa wakitazama dari huku midomo wameibana.

Mzungu alikuwa amevua kofia yake akaiweka gotini. Nilipomaliza alibaki amekaa kidogo, macho kwenye kandili, kisha akasema ni hadithi nzuri, akashuka ngazi taratibu.

Hakuna aliyefungua dirisha kwa muda mrefu. Fundi alijifuta uso, akaniambia kwa sauti ndogo, "Binti, nafasi umepata. Utakwenda mbali, na utakwenda haraka."

Mutsamudu walishangilia, Mjomba akidai yeye ndiye aliyenitia moyo. Karani alioa jirani. Koko alisikiliza kisa chote na kuuliza kama Mzungu alikaa mpaka mwisho. Nikasema alikaa. "Umemvua kofia mwenye bunduki," alisema, "halafu wanauliza kazi yake nini." Nilikuwa ng'ambo alipofariki, na mpaka leo inaniuma kwamba sikuwepo kumfunga macho.

Sasa nafundisha Unguja, fasihi ya watoto na vijana, saa nne asubuhi, na sijapotea ila mara moja moja sokoni Darajani. Wanafunzi wangu ni watoto wazuri, ingawa wanaandika mashairi kwa kidole gumba na wanaamini zimwi ni katuni ya Kijapani. Siku ya kwanza huniuliza ajira yake nini, nami nawaambia ualimu, ukutubi, uhariri, redio, na wanaandika.

Halafu kila mwaka, mara moja, nafunga madirisha, nazima taa, nawasha kandili, natundika shiromani ya Koko, ambayo rangi yake imekwisha. Wanacheka, kisha wanasogea karibu. Nawasimulia ile ya zimwi, pamoja na buti zake. Na kila mwaka, nikifika pale mfalme anapoomba ruhusa, nasita kidogo nikisikiliza ngazi. Hakuna anayekuja. Tunaruhusiwa siku hizi kusimulia chochote, saa yoyote, na sijui niwaambieje watoto hawa jinsi ninavyoshukuru, na jinsi ninavyoikumbuka ile hadithi iliyomfanya mtu apande ngazi na bunduki kuja kuuliza tunasema nini.