Yai Viza la Elburgon

Mama mkwe wangu alifuga kuku, na kwa hivyo alijiona mtaalamu wa mayai. Yai likikaliwa sana bila kutoa kifaranga ni viza, alikuwa akisema, macho yake kwangu wala si kwa kuku. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, sina mtoto, na kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake upande wa baba. Mama huyo alikuwa anangojea jina lake. Alitangaza mbele ya akina mama wa kanisa kwamba Krismasi ikipita nikiwa vile vile, nitarudishwa kwetu. Nilichemka kwa hasira. Mume wangu nilimpenda, na kuondoka sikutaka hata kidogo.

Nikapanda lori la mbao hadi hospitalini Nakuru. Nesi mmoja, mama mnene asiye na haraka, aliniambia nisahau mambo ya kuku. Mayai yangu nilizaliwa nayo, yaliumbika nikiwa tumboni mwa mama. Kila moja lilianza kujigawa, likasimama katikati ya kazi, likalala miaka na miaka. Kila mwezi moja huamka, huendelea kidogo, hutoka, kisha husimama tena. Halimalizi ile kazi mpaka mbegu ya mwanamume iingie. Na likishatoka halingoji hata siku mbili, linakufa.

Kisha akaniuliza mume wangu hulala nyumbani lini.

Nilicheka, halafu nikalia. Mume wangu alikata miti ndani ya msitu wa Mau, na wakataji walishuka mwisho wa mwezi tu, siku mbili, wakarudi. Yai limevumilia miaka yote hiyo, likiamka halikuti mtu!

Wake hawakuwa wakienda kambini kwa wakataji. Kambi ni ya wanaume, watu walisema. Wacha waseme. Nilifunga sufuria na blanketi, nikapanda trela la magogo, na mama mkwe akaeneza habari kuwa nimetoroka. Mume wangu aliponiona alidhani kuna msiba. Nilipomweleza yote, alitujengea kibanda cha mabaki ya mbao, mbali kidogo na wenzake.

Krismasi nilishuka nyumbani Elburgon nikitapika kila asubuhi, na sijawahi kufurahia kutapika namna ile.

Alizaliwa msichana. Mama mkwe alifika na vigelegele, akampakata na kumwita kwa jina lake mwenyewe tangu mlangoni. Mama yangu, aliyekuwa amekuja na uji wa mzazi, na ambaye nilikuwa nimemsimulia yote ya nesi, alimwacha amalize.

"Jina ni lako, mkwe wangu," akasema. "Lakini yai hili nililibeba mimi kwanza, huyu mama yake akiwa tumboni mwangu. Na halikuwa viza."

Mama mkwe alimrudisha mtoto kwangu taratibu, akatoka nje, akanichinjia tetea wake, yule aliyempenda kuliko wote.