Mikate ya Ndune

Ramzi Ahmad alikuwa mwokaji mikate mjini Machakos kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa ng'ombe. Nyama yake alikula, maziwa yake alinywa, lakini mnyama mwenyewe alimkwepa. Babu yake alipanda kutoka pwani kuuza vitambaa, mji ukamkalia vizuri, akabaki. Ramzi akazaliwa mtaa wa nyuma ya msikiti, akakua akiongea Kikamba na watoto wa sokoni na Kiswahili na bibi yake, bila kujua ipi kati ya hizo ni lugha ya kwanza.

Mke wake, Ndanu, alitoka Katangi, huko Yatta. Mama yake Ndanu aliitwa Kavata, mjane mrefu mwenye hatua za haraka, aliyekuwa na shamba la ekari tatu na ng'ombe mmoja mwekundu jina lake Ndune. Tangu siku ya posa, Ramzi na mama mkwe wake hawakuwa wamesemezana hata neno. Hapakuwa na ugomvi wowote. Ni ile heshima ambayo Wakamba huiita nthoni: mume wa binti na mama wa binti hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Vijana wengi wa mjini walikuwa wameshaiacha, lakini Kavata hakuwa kijana wala wa mjini. Ramzi alipokwenda Katangi alikaa sebuleni, Kavata akabaki jikoni, na salamu zikapitia kwa Ndanu, kwenda na kurudi.

Mwaka wa elfu mbili mvua ilikataa kabisa. Nyasi ziliisha hadi mizizi ikaonekana, na Ndune akabaki na mabua makavu ya mahindi, ambayo aliyanusa tu kisha akageuza kichwa. Alianza kutafuna vitu vya ajabu. Alitafuna mfupa wa mbuzi, akalamba ukuta wa choo, na siku moja akala nusu ya kanga ya Kavata iliyokuwa imeanikwa. Maziwa yakashuka hadi kikombe kimoja cha chai asubuhi, jioni hakuna.

Bwana mifugo wa eneo lile, Mwangangi, aliwaita wakulima pale sokoni Katangi, akawaonyesha jinsi ya kutengeneza tofali la kulambwa na ng'ombe: molasi ya miwa, yuria ya mbolea, chumvi ya ng'ombe, simiti na pumba. Kavata alisikiliza vizuri, akarudi nyumbani, akachanganya. Tofali lake la kwanza lilikuwa uji. La pili alilianika juani likapasuka vipande vipande, na kuku wakashangaa pumba imetoka wapi.

Ndanu alipotoka kumsalimia mama yake, alimsimulia mumewe habari hizo wakila chakula cha jioni. Ramzi aliacha kutafuna.

"Molasi alitia kwanza au pumba kwanza?"

"Alitia vyote mara moja. Na maji, maana molasi ilikuwa nzito."

"Maji?" Ramzi alisema kwa uchungu wa kweli. "Kwani bwana mifugo alisema hiyo kitu inafanya nini tumboni?"

Ndanu alijaribu kukumbuka alivyosimuliwa na mama yake. Mwangangi alisema ndani ya tumbo la ng'ombe kuna vijidudu vingi mno, na hivyo ndivyo vinavyomeng'enya mabua. Wakati wa kiangazi vijidudu vinakufa njaa, kwa hivyo mabua yanabaki mabua. Yuria na utamu wa molasi ni chakula chao. Vikishiba, vinafanya kazi, na ng'ombe anataka kula tena.

"Kumbe ni hamira," Ramzi akasema. "Ng'ombe ana hamira tumboni."

Usingizi wake ulikuwa mfupi siku hiyo. Kesho yake aliomba ruhusa ya siku tatu kwa mwenye bekari, akaomba pia mikebe sita ya mkate iliyopinda, ambayo haikuwa na kazi tena, na mizani ya zamani. Mwenye bekari aliuliza anakwenda kuoka wapi. Ramzi akajibu kwamba anakwenda kwa mama mkwe, na yule bwana, aliyezijua mila, hakuuliza zaidi.

Walifika Katangi Jumamosi asubuhi. Ndune alikuwa amefungwa kando ya ghala, mbavu zikihesabika. Ramzi alimtazama kwa mbali, akamwambia "habari yako" kwa adabu, kisha akaingia kazini. Mtungi wa molasi aliuweka juani upate joto wenyewe, ulegee bila kutiwa tone la maji. Pumba aliichekecha. Simiti ilikuwa nusu mfuko, masalio ya kujengea choo.

Kavata alikuwa mlangoni mwa jikoni, amesimama upande upande.

"Ndanu," alisema, "mwambie huyo mtu wako simiti asiimalize. Bado niko na ufa wa kuziba."

"Amesikia, mwaitu," Ndanu akamjibu mama yake.

"Na mwambie ni ya ng'ombe, si ya harusi. Hakuna haja ya kuchekecha pumba."

Ramzi aliendelea kuchekecha. "Mwambie mama," alisema, macho kwenye chekecheo, "kazi nzuri haijali nani anakula."

Ndanu akageuka huku, akageuka kule, akipeleka maneno yaliyokuwa yameshasikika. Alikuwa anajizuia kucheka. Molasi ilipolegea, Ramzi aliimimina kwenye karai, akapima yuria kwenye mizani, sehemu moja katika kumi kama bwana mifugo alivyoagiza. Wakati huohuo jirani yao Kamanthe aliita kutoka njiani, punda wake ameangusha mitungi ya maji, na Ndanu akatoka mbio kumsaidia.

Ramzi hakungoja. Alikuwa na haraka ya mtu aliyezoea unga usiosubiri. Yuria ilikuwa imekaa karibu na mtungi wa maji ya kunywa, ikanyonya unyevu na kushikana mabonge kama kokoto. Hilo halikumtia wasiwasi. Chumvi ya bekari nayo hushikana hivyo, ukikanda inavunjika yenyewe. Akainua bakuli la yuria ili amimine.

"Hiyo iko na mabonge."

Sauti ilitoka nyuma yake. Hapakuwa na Ndanu. Hapakuwa na mtu mwingine ua mzima.

"Bonge moja likiingia mdomoni mwa ng'ombe, anakufa," Kavata akasema. "Bwana mifugo alirudia mara tatu. Usimwage."

Mkono wa Ramzi ulibaki hewani. Hakujua kipi kilimshtua zaidi, kwamba alikuwa karibu kumuua Ndune, au kwamba alikuwa amesemeshwa. Aliliweka bakuli chini taratibu.

"Nimesikia, mama," akajibu, bila kugeuka.

Kisha Ramzi akatandaza yuria juu ya gunia, akachukua chupa tupu akaanza kuiviringisha juu yake kama anayesukuma chapati. Kavata aliingia jikoni, akatoka na kichungi chake cha chai, akakiweka juu ya jiwe katikati ya ua, akarudi mlangoni. Ramzi alikwenda akakichukua.

"Asante."

"Pitisha mara mbili," Kavata akauambia ukuta.

Alipitisha mara tatu. Yuria ikayeyuka ndani ya molasi mpaka hakuna punje iliyosikika kidoleni. Ikafuata chumvi, ikafuata simiti, pumba mwisho, kidogo kidogo, huku akikanda kwa mwiko mkubwa. Kavata aliuliza kwa nini pumba mwisho. Ramzi alimweleza kwamba pumba ikitangulia inakunywa molasi yote na wengine wanakosa. Kavata akasema hata katika familia yao wako watu wa namna hiyo. Ndanu aliporudi, kanga imelowa, aliwakuta wanazungumza, mmoja anatazama karai na mwingine anatazama ukuta. Akakaa kimya kwenye kigoda, asije akawaharibia.

Mchanganyiko ulishindiliwa kwenye mikebe ya mkate, na matofali yakaachwa kivulini chini ya ghala, wala si juani. Baada ya siku chache yalikauka yakawa magumu, yenye umbo la mkate kamili, ila meusi. Ramzi alikuwa amesharudi kazini, lakini habari zilimfikia. Ndune alipewa mabua kwanza, ili asilambe akiwa na njaa, na maji ya kutosha kando. Alilamba tofali, akasimama kama anayefikiri, akalilamba tena. Juma la pili alikuwa anamaliza mabua na kudai mengine. Mwezi ulipokwisha, maziwa yalikuwa chupa tatu kwa siku, na kanga za Kavata zikakauka kwa amani.

Majirani walikuja kuuliza, na mwezi uliofuata Ramzi alirudi na mikebe zaidi. Wakaanza kumwita mwokaji wa ng'ombe. Mvua iliponyesha mwaka ule ulipokuwa unaisha, alikuwa ameshajifunza hata kukamua, ingawa Ndune alimpiga mkia wa uso kila mara, na Kavata, kutoka mlangoni, alimwelekeza ashike wapi.

Mwaka uliofuata Mwangangi alimwomba akawafundishe wakulima wa Kithimani. Alisimama mbele ya watu thelathini, akaanza na mambo ya vijidudu, akaona nyuso hazijamwelewa. Basi akaagiza unga wa ngano. Akakanda madonge mawili yenye hamira, moja na sukari, jingine bila, akayaweka juani kwenye mabakuli wakati kazi ya molasi ikiendelea. Walipomaliza, donge la sukari lilikuwa limeinua kifuniko chake, na lile jingine bado linajikongoja. Mzee mmoja aliyekaa mbele akasema sasa ameona, kumbe tatizo la ng'ombe wake si uvivu.

Madonge hayakutupwa. Mwikali, mwenye hoteli ya jirani, aliyasukuma, akayakata, akayakaanga, wakaletewa na chai ya maziwa. Kavata, aliyekuja na wenzake kutoka Katangi, alikula andazi lake akiwa amempa mkwe wake mgongo, kama kawaida, kisha akamwuliza bila kugeuka kama lile moja lililobaki kwenye sahani lina mwenyewe.