Jina Aliloazima Mchezaji wa Kituo cha Pili

Kwa miaka kumi na tisa Eleuterio Severino aliitika jina la mdogo wake. Wasaka vipaji wa besiboli waliokuja mji wa San Pedro walitaka vijana wabichi, naye alikuwa keshapindukia ishirini. Basi mama yao, Doña Ninfa, akachukua cheti cha kuzaliwa cha mdogo mtu, Wáscar, akampa mkubwa. Mtaani kwao huo si wizi, ni mipango. Wáscar mwenyewe akabaki kuitwa Pacha, kwa kuwa jina lake sasa lilikuwa na watu wawili, na hata ndoa alikwenda kuifunga kwa jina la kaka yake huko kwenye mashamba ya miwa, kwa mchungaji asiyefuatilia mpira.

Eleuterio akacheza. Marekani alidumu misimu miwili, goti likaharibika, akarudi kulinda kituo cha pili cha timu ya nyumbani. Mpira wowote uliotambaa chini uliishia kwenye glavu yake. Ila hofu ya kugunduliwa haikumtoka.

Jumapili ile alikuwa anacheza mechi yake ya kuaga. Klabu ilishamwahidi kazi ya kufundisha vijana. Siri ikivuja leo, kazi imekwenda na maji. Na mama yake, ambaye uzeeni ulimi umekosa breki, alikaa mstari wa mbele na ndizi zake za kukaanga.

"Pacha, mzibe mama mdomo," Eleuterio alimnong'oneza mdogo wake ukingoni mwa uwanja.

"Nimzibe na nini? Ndizi kashamaliza!"

Mpira wa mwisho ukaja ukitambaa, mkali kama nyoka aliyekanyagwa. Goti likagoma.

"Eleuterio! Inama, mvivu wee! Mgongo nilikuzaa nao!"

Uwanja mzima ulimsikia Doña Ninfa. Akainama, akaudaka, akaurusha. Mchezo ukaisha kwa ushindi. Yeye akabaki anatazama vumbi. Ndipo wauza karanga wakaanza, jukwaa zima likadakia: "E-leu-te-rio! E-leu-te-rio!"

Kocha mkuu, Don Fermín, akamjia anacheka. "Unaogopa nini? Mji huu nani asiyejua?"

"Na kazi, mzee?"

"Kesho saa mbili asubuhi. Ukichelewa ndiyo utanijua."

Eleuterio akashusha pumzi iliyokaa kifuani tangu ujana. Getini mdogo wake alikuwa anamngoja, mkono mbele.

"Haya, jina langu."

"Chukua. Lilikuwa linanibana mabega."

"Umelichakaza, kaka! Na sasa mke wangu itabidi nimwoe upya."

"Mwoe," akasema Doña Ninfa, akijifuta mafuta vidoleni. "Lakini safari hii ndizi ziwe nyingi."