Gole la Mena

Wenzangu tukikaa husimulia homa zao, uzazi wao na meno yao. Mimi, namshukuru Mungu, mwili haujanisumbua sana. Ushuhuda wangu ni wa kuku, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana nikishaanza sisimami.

Mena ni tembe mwekundu niliyepewa na mama nilipoolewa, nikaondoka Nosy Be kuja Mahajanga. Alisafiri nami melini ndani ya kikapu. Mwaka uliofuata mama akafariki, nami sikuwahi maziko. Tangu hapo sikuweza tena kumwona Mena kuwa kuku tu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Mfaransa mmoja wa mtaani kwetu Mangarivotra alifungasha akarudi kwao, mbwa wake akamwacha. Mbwa mwenye njaa hana adabu: alimng'ata Mena paja mpaka nyama ikaonekana. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikamlaza ndani, karibu na mikeka ninayosuka, juu ya mabaki ya nyuzi za rafia ili apate pahali laini. Nikamlisha ukoko wa wali asubuhi, mchana na jioni. Kidonda kikaanza kufunga. Kila nilipoamka nilimpapasa gole, kile kifuko cha chini ya shingo ambamo chakula hukaa kabla hakijashuka, nikalikuta limejaa. Nikafurahi kwamba mgonjwa wangu anashiba.

Siku ya tano alikataa kula. Gole lilikuwa gumu kama ndimu. Mdomo ulinuka wali uliochacha, na kinyesi kilikuwa maji ya kijani. Nikamkanda, nikamtilia mafuta ya nazi mdomoni. Halikulegea.

Mume wangu, Baba Nuru, si mtu mbaya. Alinoa kisu, akaja akasimama mlangoni.

"Mama Nuru, akifa mwenyewe ni mzoga. Hatumli wala hatumpi mtu. Tumchinje angali hai."

"Nipe mpaka kesho adhuhuri."

"Haya, adhuhuri," akasema, akakifunga kisu kwa kitambaa.

Asubuhi nikambeba Mena mpaka mtaa wa Ampisikina kwa wifi yangu Echati, anayeshona kofia za kiume. Nikarudi nyumbani na wote wawili, kwa sababu Echati ana mkono mwepesi na moyo mgumu. Alimpapasa.

"Wifi, asubuhi gole hutakiwa liwe tupu. Hili limejaa tangu lini?"

"Siku zote nilizokuwa nikifurahi," nikasema. Niliona aibu.

Akachemsha wembe na sindano yake. Mimi nikamfunga Mena kwa kanga, nikamziba macho kwa kiganja. Echati alichanja ngozi, kisha gole lenyewe, mkato mfupi tu. Ukatoka ukoko uliooza, na ndani yake tonge la nyuzi za rafia zilizojisuka kuliko mkeka wangu wowote. Nikalia. Kilichomziba nilimtandikia mwenyewe. Echati hakunibembeleza. Aliosha kwa maji vuguvugu ya chumvi, akashona gole kwanza na ngozi baadaye, mishono midogo ileile ya kofia.

Adhuhuri ilipoadhiniwa Baba Nuru aliingia na kisu chake. Akamkuta Mena amesimama, anakunywa maji kwenye kijiko.

"Hajafa," nikamwambia.

"Naona." Akakiacha kisu jikoni, akaenda kuswali.

"Leo asile kitu," Echati akaniagiza. "Kesho uji mwepesi, kijiko kimoja. Ukimwonea huruma utamuua."

Kumnyima kuliniuma kuliko kumwona akichanjwa, kwa jinsi alivyonifuata nyumba nzima akinung'unika. Lakini nilishika amri. Asubuhi ya tatu gole lilikuwa tupu, na sakafuni palikuwa na kinyesi kigumu chenye weupe juu. Sijapata kufurahia uchafu namna ile.

Basi, ewe mwenye mgonjwa wa mabawa, usimtandikie nyuzi. Mpapase kabla hujamlisha, na ukikuta gole limejaa asubuhi usishangilie. Mambo ya wembe mwachie mwenye mkono mwepesi.

Namshukuru Mungu, na namshukuru wifi yangu. Baba Nuru naye, kabla ya kwenda bandarini, huinama uani akampapasa Mena chini ya shingo. Ati anapima unono wa Idi. Idi tatu zimepita. Nikimwuliza kutoka jikoni, hunijibu, "Tupu, Mama Nuru. Mpe chakula."